Jogoo wa kwanza katika kundi la tetea: nimchague yupi, na nimwingize vipi?

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina tetea tisa ninaowafuga huria uani. Asubuhi nawafungulia, jioni wanarudi bandani wenyewe. Sijawahi kuwa na jogoo. Mwaka huu mwewe amenichukulia tetea wawili, na sasa mmoja wa waliobaki ameng'ang'ania kuatamia mayai ambayo najua hayana mbegu. Kaka yangu ana majogoo wawili wa kugawa. Mmoja amepita mwaka na nusu, rangi yake ya kawaida tu. Mwingine ni pora wa miezi mitano, mzuri sana wa kumtazama. Nimchukue yupi? Nimwingize vipi bila kuvuruga kundi? Nina watoto wanaocheza uani, mdogo ana miaka minne. Na je, mayai tutaendelea kuyala?"

Dada yangu, nzuri. Nianze na la mayai kwa sababu ni jepesi, kisha tukae vizuri na hao majogoo.

Mayai endeleeni kuyala. Yai lenye mbegu na lisilo na mbegu lishe yake ni ileile na ladha yake ni ileile. Tofauti iko kwenye kidoa kidogo juu ya kiini ambacho wengi hawajawahi hata kukitazama. Kiinitete hakikui mpaka yai lipate joto, tena joto la kudumu. Kitakachobadilika ni desturi yako: okota mayai kila siku, siku za joto kali okota mara mbili, uyaweke mahali pa baridi, na usiache yoyote chini ya huyo anayeatamia. Yai likikaa chini ya tetea siku tatu nne huanza kuota vijishipa vya damu, na mtu akilivunja hilo juu ya kikaango huapa hatakula tena mayai ya kuku wenye jogoo. Lile tone la damu linaloonekana mara mojamoja kwenye yai la siku zote halina uhusiano na jogoo. Ni kijishipa kilichopasuka wakati yai linatengenezwa, na hata hao tetea wako wa sasa wanaweza kulitoa.

Sasa kazi yenyewe. Una sababu mbili za kutaka jogoo, mwewe na vifaranga, na zote mbili ni za kweli. Ila ya mwewe inahitaji maelezo, maana watu wengi huleta jogoo wakidhani wamemwajiri askari mwenye silaha. Jogoo hampigi mwewe akamshinda. Wapo wanaojirusha mbele ya adui, na baadhi yao hufia hapohapo. Faida yake kubwa ni macho na sauti.

Kaa siku moja utazame kundi lenye jogoo mzuri likila. Tetea wameinamisha vichwa, wanaparura, wanadonoa, wanaparura tena. Jogoo anadonoa mara mbili, anasimama. Anakilaza kichwa upande, jicho moja linatazama chini na la pili linatazama juu mbinguni. Akiona kitu kinachoruka hutoa mlio mwembamba, mrefu, kama mluzi uliokazwa kooni, na tetea wote hukimbilia kichakani au hulala chini palepale bila kutikisika. Akiona paka, mbwa au kicheche, mlio ni mwingine kabisa: ni ule wa kukatakata, wa nguvu, unaorudiwa, na hapo tetea hunyoosha shingo na kutazama huku na huko. Watafiti wa tabia za kuku waliwahi kuwapigia tetea rekodi za milio hiyo miwili pasipo adui yeyote kuwapo, na tetea walifanya vilevile: kwa mlio wa angani walijificha na kujikunyata, kwa mlio wa ardhini walisimama wima. Majaribio mengine yalionyesha kwamba jogoo aliye na wenzake karibu hupiga mlio wa mwewe mara nyingi zaidi kuliko jogoo aliye peke yake.

Lakini mlinzi akipiga kelele na hakuna pa kukimbilia, mwewe atakula tu. Uani kwako kukoje? Kama ni uwanja mtupu uliofagiwa, basi kabla ya jogoo hajafika weka mahali pa kujificha: vichaka vifupi, meza ya zamani, mabati au matete yaliyoinuliwa kidogo kutoka ardhini, na yasiachane sana. Tetea akiwa popote awe na hatua chache tu za kufika chini ya kitu. Hili peke yake, hata bila jogoo, lingeweza kuwaokoa wale wawili. Na usiku jogoo hana msaada wowote. Kuku haoni gizani, yeye na tetea wake wote wanategemea mlango wako.

Kuhusu yupi wa kuchukua, sina wasiwasi: huyo wa mwaka na nusu, mwenye rangi ya kawaida. Mwache pora.

Nakueleza kwa nini, kwa sababu najua pora ndiye anayekuvutia. Jogoo wa miezi mitano mwili wake umeshajaa hamu ya kupanda lakini adabu bado haijafika. Hachezi ile ngoma ya kushusha bawa moja na kumzunguka tetea, haiti kwa chakula. Hujificha nyuma ya banda, akaruka juu ya tetea anayepita, akamng'ata manyoya ya kisogo na kumkokota. Na tetea wako ni watu wazima ambao hawajawahi kumtii jogoo. Hapo hutokea mojawapo ya mawili: ama wanampiga mpaka anaishi pembeni akinyemelea chakula, ama anawatia hofu mpaka wanakataa kushuka kwenye fito asubuhi. Pora akikulia kati ya majogoo na tetea wakubwa hurekebishwa, na baada ya mwaka anaweza kuwa mzuri sana. Mwambie kaka yako amtunze. Wewe unaanza, chukua aliyekwisha kufunzwa.

Hata hivyo umri peke yake hautoshi. Kabla ya kumbeba nenda kwa kaka yako ukakae nusu saa, na uende na konzi ya nafaka. Wamwagie kuku wote, kisha mtazame yeye tu. Kama angeniambia mtu nichague jogoo kwa jambo moja, ningechagua kwa hili. Jogoo mzuri huokota punje, huiachia, huiokota tena, huku akitoa kijisauti cha haraka cha chini, tuk-tuk-tuk-tuk. Tetea huja mbio na kuichukua mbele ya mdomo wake. Yeye amesimama, kifua mbele, anatazama. Nimewahi kumwona jogoo akipata mchwa mnono, mmoja tu, akamwinua na kumshusha mara nne mpaka tetea mdogo aliyekuwa mbali akafika. Hakumla. Jogoo kama huyo tetea humfuata wenyewe, na uani kunakuwa na amani bila wewe kufanya lolote.

Anaweza kudanganya mara mojamoja, akaita na mdomoni hana kitu, ili tetea asogee. Hiyo ni tabia ya majogoo wengi, isikusumbue. Anayekusumbua ni yule anayekula kwanza, anawapiga vikumbo tetea kwenye chakula, au anaita kisha anamrukia kila anayekuja. Huyo mwache hata akipewa bure.

Kitu cha pili, pita katikati ya eneo lake, taratibu, bila kumkwepa. Atakayekaa vizuri na watoto wako atasogea pembeni na kuendelea na shughuli zake. Anayekufuata visigino, anayekushushia bawa na kukuzunguka, anayesimamisha manyoya ya shingo ukimgeukia, anakupima. Leo anakupima wewe, kesho atampima wa miaka minne, na huyo kimo chake kinaweka macho usawa wa kucha.

Kisha mshike umkague mchana, penye mwanga. Upanga wa kichwani uwe mwekundu na wenye uhai. Macho yawe makavu, pua kavu. Mweke karibu na sikio lako umsikilize anavyopumua, maana mkoromo mdogo hausikiki kwa mbali. Funua manyoya chini ya bawa na kuzunguka njia ya kinyesi, ndipo chawa na utitiri hukaa. Magamba ya miguu yawe yamelala bapa, yakiwa yameinuka na kuwa na ukoko mweupe kuna wadudu chini yake. Vidole vinyooke. Linganisha uzito wake na wa tetea wako pia, kwa sababu jogoo mzito juu ya tetea wadogo huwaumiza mgongo na miguu hata akiwa mpole. Na umuulize kaka yako kama tetea wako walitoka kwake. Ikiwa huyu ni baba yao au ndugu yao, kwa mayai ya kula hakuna tatizo, ila kwa vifaranga tafuta mwingine. Damu ikirudiarudia, mayai mengi hayaanguliwi na vifaranga huwa dhaifu.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wafugaji wengi huiruka, nami niliiruka mwanzoni. Nilileta jogoo mzima kabisa, mwenye kung'aa, nikamwachia kundini siku hiyohiyo. Siku ya tisa tetea wangu bora alikuwa amevimba uso, jicho moja limefungwa kwa usaha, na banda lina harufu mbaya. Ndani ya wiki tatu nilizika watano. Yule jogoo hakuugua hata siku moja. Alikuwa ameshapona mafua hayo huko alikotoka, akabaki akiyabeba. Tangu hapo hakuna kuku anayeingia kwangu bila siku 30 za karantini.

Siku 30 nyingi za nini? Kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku wengi kwa mkupuo, huchukua kati ya siku 2 na 15 tangu kuambukizwa mpaka dalili zionekane, kwa hiyo wiki moja haikuambii kitu. Mafua na maradhi mengine ya njia ya hewa hulala kimya mpaka kuku apate msukosuko, na kuhamishwa ni msukosuko mkubwa: mara nyingi anachokificha kitajitokeza wiki mbili za mwanzo. Mweke upande wa pili wa nyumba, mbali na kundi kadiri uwanja wako unavyoruhusu, mahali ambapo upepo haupigi kutoka kwake kwenda kwa tetea. Chombo chake cha maji kiwe chake, cha chakula kiwe chake. Hudumia tetea kwanza, yeye mwishoni, na uwe na viatu vya kuingilia kwake tu. Tetea wako wa kuzurura usiwaruhusu kwenda kumchungulia, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu watamsikia na watakwenda. Labda uzungushie wavu mara mbili, wavu ndani ya wavu, wasigusane pua wala kinyesi.

Katika siku hizo fanya matengenezo yote. Mpe dawa ya minyoo. Mpulizie au mpake dawa ya wadudu wa nje, na urudie kama kibandiko cha dawa kinavyosema, kwa maana mayai ya chawa hayafi mara ya kwanza. Kama magamba ya miguu yameinuka, yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na upake mafuta mazito ya mgando kila baada ya siku chache kwa wiki tatu nne, wadudu wale hukosa hewa wakafa. Chanjo zungumza na daktari wa mifugo wa eneo lako: jogoo na tetea wote wawe na kinga ya kideri kabla hawajakutana, na usiwachanganye mara tu baada ya upande mmoja kupewa chanjo hai, yaani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwulize akupangie siku.

Wiki mbili za mwisho, kama una moyo, mpelekee jogoo tetea mmoja tu, yule ambaye ukimpoteza utaumia kidogo kuliko wengine. Najua sentensi hiyo ni ngumu kwa anayewapenda kuku wake. Lakini wapo wanaobeba ugonjwa bila dalili yoyote, na huyo tetea mmoja ndiye atakayekuonyesha. Akibaki mzima wiki hizo mbili, una uhakika mkubwa zaidi kuliko wa macho yako.

Karantini ikiisha, usifungue mlango tu ukaondoka. Tengeneza kizimba cha wavu uani, pale kundi linapopenda kushinda, na mweke humo mchana kwa siku saba hadi kumi. Usiku alale ndani ya banda lao, lakini nyuma ya wavu. Faida ni mbili. Wanaonana, wanatishiana na kuzoeana bila kuumizana. Na yeye anajifunza kwamba hapa ndipo kwao, jambo ambalo wafugaji wa huria husahau. Jogoo mgeni akiachiwa mapema mno hulala juu ya mti, au huanza safari ya kurudi kwa kaka yako.

Siku ya kumwachia, chagua saa moja hivi kabla ya magharibi, tetea wakiwa tayari nje. Wana muda mfupi wa kupimana, kisha giza linawalazimisha wote kuingia bandani na kunyamaza. Asubuhi yake amka nao. Mwaga chakula sehemu tatu nne, weka maji sehemu mbili, asiwepo wa kuzuia mwingine.

Utaona kukimbizana. Na karibu kwa hakika utaona tetea mmoja akimkabili. Unamjua ni nani: yule anayekula wa kwanza, anayelala kwenye fito ya juu. Kundi lisilo na jogoo mara nyingi tetea huyo hujitwalia kazi ya ujogoo, anatazama anga, anaamua ugomvi, na wapo wanaojaribu hata kuwika. Sasa amekuja mtu kumnyang'anya cheo. Watasimama uso kwa uso, manyoya ya shingo yamefunguka kama mwavuli, vifua vitagongana mara mbili tatu, kisha mmoja atainamisha kichwa na kujifanya anadonoa kitu chini. Basi, imekwisha. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwatazama kuku tangu utotoni, ndiye aliyeueleza mpangilio huu wa nani amdonoe nani mwaka 1921, na kila ukiingiza kuku mpya ngazi hiyo hupangwa upya. Kwa jogoo mkomavu na tetea wa kawaida mambo hutulia ndani ya siku chache. Usiingilie kila wakibishana, ukiwaachanisha wataanza upya kesho. Ingilia ukiona damu, maana damu huita midomo ya wengine, au ukiona tetea mmoja anafukuzwa mfululizo mpaka hali. Hapo mtoe jogoo, mrudishe kizimbani siku tatu, ujaribu tena.

Idadi yako ni nzuri. Jogoo mmoja kwa tetea 8 hadi 12 ndio uwiano wa kawaida, na kwa tetea tisa huna haja ya wa pili. Wakiwa wanne watano tu angewachosha. Hata hivyo jogoo huwa na vipenzi vyake, na wiki za mwanzo atawapanda mara nyingi. Kila wiki washike tetea wako jioni wakiwa kwenye fito na uwapapase. Mgongo uliopoteza manyoya unaonekana, huo hauna siri. Jeraha la hatari ni lile la ubavuni chini ya bawa, pale kucha zake zinapoteleza anapopanda. Manyoya hulifunika, tetea anatembea kama kawaida, na wewe unakuja kuligundua limeshaoza. Inua kila bawa. Ukikuta mkwaruzo, mtenge, msafishe, na umshughulikie jogoo: mkate ncha kali za kucha, na vikwaru vyake, ile miiba ya nyuma ya miguu, vipunguze makali kwa tupa mpaka viwe butu. Usivikate kwa kina. Ndani yake mna mfupa na damu, na anaumia kweli. Tetea aliyebaki mgongo mtupu anaweza kuvalishwa kifulana cha kitambaa kigumu chenye matundu ya mabawa mpaka manyoya yaote.

Kuhusu watoto sitakuficha: hata jogoo mpole anaweza kubadilika akishakuwa na tetea wa kulinda. Miezi mitatu ya mwanzo huyo wa miaka minne asiwe uani peke yake na jogoo, wala asimshike tetea mbele yake, kwa sababu tetea akipiga kelele mikononi mwa mtoto, jogoo anasikia mwito wa vita. Wafundishe wakubwa kutokimbia. Anayekimbia anafukuzwa. Wala msimpige teke: teke kwake ni lugha ya jogoo mwenzake, atarudi na nguvu zaidi. Akikujaribu wewe, simama, msogelee polepole mpaka asogee yeye. Akiendelea, mkamate, mkumbatie chini ya kwapa mabawa yakiwa yamebanwa, tembea naye ukifanya kazi zako mpaka alegee. Wengi hujirekebisha hivyo. Lakini akimrukia mtoto, mara ya pili isikute bado mnajadiliana. Mtoe, na usitotoleshe mayai yake, kwa kuwa ukali ni tabia inayorithiwa.

Chakula kwa kifupi. Chakula cha kuku wa kutaga kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya maganda. Jogoo hatagi, anahitaji robo ya hiyo au pungufu, na akiila miaka mingi inaweza kumharibu figo. Kwa kundi lililochanganyika nashauri wote wale chakula cha kukuzia, na pembeni uweke chombo cha magamba ya konokono wa baharini au chokaa ya mifugo iliyosagwa chengachenga. Tetea watachota wenyewe kadiri wanavyohitaji, yeye atayapita. Jambo la pili: jogoo mwema hukonda. Anaita wengine, anabaki na makombo. Mara mbili kwa mwezi, usiku, pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari chake. Ukiusikia kama ukingo wa kisu na hakuna nyama pembeni, mfungie peke yake dakika kumi kila asubuhi na bakuli lake, ale ashibe, ndipo atoke.

Kuwika huwezi kukuzuia. Watu hufunika banda liwe giza wakidhani atalala. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku na mchana, na bado walikuwa wakiwika ilipokaribia saa yao ya alfajiri. Saa iko mwilini mwake. Kwa hiyo zungumza na majirani kabla, na uulize kanuni za mahali unapoishi, kwa sababu maeneo mengi ya mjini yanaruhusu tetea na kukataza jogoo.

Tumalize na huyo anayeatamia. Hatakungoja. Kuatamia ni siku 21, na karantini peke yake ni 30. Una njia mbili. Ya kwanza ni kumwachisha: mweke kwenye tundu lenye sakafu ya wavu iliyoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo lake, maji na chakula vipo, matandiko hakuna. Siku tatu nne joto la kuatamia humtoka. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kuchukua mayai yenye mbegu kwa kaka yako, kama kundi lake ni zima na halijaugua karibuni. Yasizidi siku saba tangu kutagwa. Mwekee usiku mmoja, yote kwa pamoja, kumi au kumi na mawili kulingana na ukubwa wake, uyatie alama kwa penseli ili uyajue mengine atakayoongezewa na wenzake, na uhesabu siku 21. Vifaranga hao watakuwa wakikua wakati jogoo yuko karantini. Akiingia kundini, wabaki na mama yao nyuma ya wavu mpaka aonekane amewazoea.

Mayai ya jogoo wako mwenyewe yapime kabla ya kumpa tetea yeyote. Ngoja wiki mbili tangu uanze kuona anapanda, vunja matano kwenye sahani nyeupe, na tazama kile kidoa juu ya kiini. Kisicho na mbegu ni kijinukta cheupe kilichojaa, kingo zake hazieleweki. Chenye mbegu ni kipana kidogo na kina umbo la pete, duara jeupe lenye kitovu. Ukiiona pete katika manne kati ya matano, anza kuyakusanya. Yalaze ncha nyembamba ikitazama chini, mahali pa baridi lakini si kwenye friji, mpaka upate tetea mwingine wa kuyalalia.